Mvua ya jioni ilizamisha Mwanga, ya usiku ikazamisha bondeni: kwa nini Kigoma kila mvua ina mtaa wake?

Mgebuka Mbichi (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Nina duka la nafaka Mwanga, chini kidogo ya soko. Ndani ya wiki tatu nimeona mambo matatu ambayo nimeshindwa kuyaunganisha.

La kwanza, mvua ya saa kumi jioni. Haikufika dakika arobaini. Maji yaliingia dukani mpaka gunia la pili kutoka chini, nikatupa magunia manne ya mchele na unga wa muhogo wote. Nikampigia dada yangu Ujiji aokoe godoro, akanijibu: "Mvua gani? Mimi nimeanika dagaa."

La pili, mvua ya usiku kucha, ile ya taratibu ya kuvutia shuka. Nilikesha mlangoni na fagio na ndoo. Halikuvuka kizingiti hata tone. Keshokutwa yake, jua linawaka, shemeji ananipigia kutoka bonde la Luiche: mpunga wote uko chini ya maji.

La tatu, siku tano kavu kabisa, na rafiki yangu wa Katubuka anahamisha vitanda. Maji yanapanda sebuleni.

Mji ni mmoja huu huu. Kwa nini yasifurike pale pale kila mara, mtu akajua pa kukimbilia? Nawasilisha.

Kiti cha Mbele
Naweka kambi hapa. Kahawa na kashata tafadhali.

Bajaji Saba
Pole kwa mchele mkuu. Jibu ni jepesi: mitaro imejaa takataka. Nenda katazame pale karibu na duka lako, chupa za plastiki, maganda ya miwa, hata godoro nimewahi kuliona. Uzi ufungwe.

Mama Mawese
Bajaji Saba, usifunge kwanza. Usiku ule wa mvua ya kucha hizo takataka zilikwenda kulala wapi? Mtaro si ule ule?

Bajaji Saba
Mama umenikamata. Ngoja nifikirie, nina abiria.

Fundi Kalavati
Nimejenga mitaro miaka kumi na kitu, nichangie kidogo.

Watu wanauliza "imenyesha kiasi gani", wanasahau kuuliza "kwa muda gani". Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Chukulia eneo la hekta 10 lenye mabati na lami tupu linalomwaga maji kwenye mtaro mmoja. Mvua ya milimita 40 ndani ya dakika 40 inakupa lita kama 1,667 kila sekunde, yaani madebe ya lita ishirini 83 yanamwagwa mtaroni kabla hujapepesa jicho. Sasa chukua mvua ya milimita 60 kwa saa kumi. Maji ni mengi zaidi, lakini kwa sekunde ni madebe 8 tu. Mtaro unameza huku unapiga miayo.

Hiyo ndiyo tofauti ya jioni ile na usiku ule, mleta uzi. Mtaro haujali jumla ya maji, unajali fujo.

Na Bajaji hakukosea sana. Mtaro uliojaa nusu kwa takataka unaweza kupitisha madebe 8 vizuri. 83 yakija, unatapika.

Bajaji Saba
Nimerudi. Kumbe nilikuwa sahihi, nilikosa mahesabu tu 😂

Kariakoo Kwa Muda
Poleni wana Kigoma. Huku Dar masika yakianza tunajua Jangwani ndiyo hivyo tena, kila mwaka. Nyie nadhani tatizo ni mto Malagarasi unaopita hapo Ujiji, masika na vuli zikikutana lazima ufurike.

Shemeji wa Bondeni
Kariakoo, rudi shule. Malagarasi unaingia ziwani kusini huko, upande wa Ilagala. Ujiji jirani yake ni Luiche. Halafu sisi hatuna masika na vuli, tuna msimu mmoja: unaanza kama Novemba, unakwisha Aprili au Mei. Basi.

Mimi ndiye shemeji aliyetajwa na mleta uzi. Huku bondeni mvua inayokunyeshea kichwani si ya kuogopa. Ya kuogopa ni iliyonyesha vilimani jana. Nimechomeka mti wa mkaratusi ukingoni, nimeuchanja kwa panga kila shubiri moja. Kabla maji hayajapanda yanatangulia majani makavu na povu, kama la sabuni ya kufulia. Baadaye rangi inageuka, inakuwa chai ya maziwa. Ukiona chai ya maziwa imepita chanjo la tatu, toa mashine ya maji na mbuzi. Hapo juu ya kichwa chako ni bluu tupu, hata wingu la kubahatisha hakuna.

Mvua ya dakika arobaini ya Mwanga sisi hatukuiona hata kwa rangi. Luiche ni bonde kubwa, linataka mvua ya kutandaa sehemu zote na kwa muda mrefu ndipo linyanyuke.

Kariakoo Kwa Muda
Nimekubali kurudi shule. Ada mnalipa?

Mwalimu Kopo
Habari zenu. Niliwahi kufundisha Jiografia, sasa nimestaafu na nina kopo.

Maelezo ya Fundi ni mazuri lakini yanadhani mvua imenyesha mji mzima sawasawa. Jioni ile kopo langu la Mwanga lilishika milimita 43. Mwenzangu wa Ujiji, ambaye tunapigiana simu kila mvua kama wachumba, lake lilishika 2. Ni kilomita chache tu hapo katikati! Wingu la radi la jioni ni kitu chembamba, lina upana wa kilomita chache tu. Linamwaga lote mahali pamoja, na ng'ambo ya barabara watu wanaendelea kuanika dagaa.

Mvua ya usiku ule ilikuwa ya wingu la blanketi. Mimi 58, yeye 55.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtaro uliwezaje, uliza wingu lilisimama wapi.

Dagaa Mkavu
Mwalimu, shikamoo. Hilo kopo ni la nini? Maana kuna kopo la rangi na kopo la mkojo 😂

Mwalimu Kopo
Marahaba. La maziwa ya unga, kubwa, lililonyooka pande zote. Ukitumia ndoo, mdomo ni mpana na kitako ni chembamba, rula itakudanganya. Na usiweke chini ya upenu wa bati kama kijana mmoja aliyeniletea "milimita 300".

Dagaa Mkavu
Huyo kijana ni mimi. Uzi unaendelea.

Mama Mawese
Mimi nawasikiliza, mawingu sijui mahesabu. Nipo Mwanga tangu nikiwa mtoto. Pale kwetu hapakuwahi kuingia maji, si kwa mvua ya jioni wala ya usiku. Ikaja barabara ya lami. Wakanyanyua tuta, barabara ikawa juu ya kizingiti changu kwa zaidi ya goti. Upande wa pili wakachimba mtaro mzuri wa mawe, upande wangu wakasema "awamu ijayo". Mkandarasi kaondoka, awamu ijayo haijafika. Sasa maji ya upande wa juu yakishuka yanagonga tuta, yanatafuta njia, na njia waliyoipata ni uani kwangu.

Jirani wa ng'ambo, aliyekuwa anafurika kila mwaka, siku hizi anakaa barazani anakunywa chai mvua ikinyesha. Tena ananipungia mkono.

Kwa hiyo na mimi naweka sababu yangu: mvua ni zile zile, sisi ndio tunahamisha mafuriko.

Fundi Kalavati
Mama Mawese, hilo ni kweli na ni aibu yetu mafundi. Hata fensi ya tofali ya mtu mmoja inatosha kugeuza maji. Lakini hilo linaeleza mafuriko kuhama mwaka hadi mwaka. Halielezi kwa nini ndani ya wiki tatu mvua mbili zichague mitaa tofauti.

Mama Mawese
Linaeleza kwangu. Nyie endeleeni.

Mtoto wa Katubuka
Mimi ndiye ninayehamisha vitanda. Mgebuka asante kwa kunitangaza.

Msichoelewa ni kwamba maji ya huku hayaji kwa mlango. Nimekaa kwenye kochi, chini kuna ufa wa sakafu, tangu nihamie ulikuwepo. Ufa ukaanza kung'aa. Nikadhani mtoto kamwaga chai. Nikafuta, ukang'aa tena. Asubuhi kulikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, masafi kabisa, unaona hadi vigae. Vyura walikuja siku ya tatu.

Ni lile bwawa letu. Tumekaa kwenye bakuli, maji yanaingia kutoka pande zote na pa kutokea hapana, labda yafyonzwe na jua au ardhi. Ardhi ikishashiba, bwawa linapanuka pole pole, wiki kwa wiki. Mvua moja hainipi shida. Kinachonipa shida ni msimu mzima ukijumlishwa.

Mwenye nyumba anasema kodi iko pale pale.

Bajaji Saba
Mwambie mwenye nyumba ameongeza huduma ya maji ndani, apandishe kodi 😂😂 Pole lakini ndugu yangu.

Kibirizi Kwetu
Mnazunguka tu, jibu ni ziwa. Ziwa likijaa, mito na mitaro haina pa kumwaga, maji yanarudi nyuma. Hapa Kibirizi tumeshuhudia, mwaka 2020 na 2021 maji yalikula mwalo, na 2024 yakapanda tena. Ziwa Tanganyika halina mlango wa kutokea, mvua moja kubwa ikinyesha lazima lipande.

Mjukuu wa Ujiji
Mlango upo ndugu. Mto Lukuga, pale Kalemie upande wa Kongo. Maji yanatoka hapo yanakwenda mto Kongo mpaka Atlantiki. Ila mlango wenyewe ni mdogo, maji mengi ya ziwa letu yanaondoka kwa kufyonzwa na jua.

Na mlango huo una visa vyake. Wale wasafiri wa Kizungu, Cameron alifika pale 1874, Stanley akaenda kutazama 1876, wakakuta mto umezibwa na matope na mafunjo. Ziwa lilikuwa linajaa tu. Kama mwaka 1878 kizibo kikapasuka, ziwa likashuka mita kadhaa. Ndiyo maana ukienda pale kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, ambapo walikutana 1871, unajiuliza hao wazee waliona ziwa gani, maana leo ni mwendo wa miguu kufika ufukweni. Viwanja vingi vya Ujiji ya chini vilikuwa ziwa. Bibi yangu alikuwa anasema ziwa halijauza, limekopesha.

Mwalimu Kopo
Mjukuu amesema kweli kuhusu Lukuga. Naongeza hesabu kwa Kibirizi: ziwa lina eneo la kilomita za mraba kama 32,900. Kulipandisha sentimita moja tu unahitaji mita za ujazo karibu milioni 329. Mvua moja ya Kigoma mjini, hata ikiwa ya gharika, ziwa haliisikii. Linapandishwa na msimu mzima wa Burundi, Kongo, Zambia na huku kwetu, na kilele chake kinakuja Aprili hadi Mei, wakati mvua zenyewe zinaaga.

Kibirizi Kwetu
Sawa Mwalimu, mvua moja hailipandishi. Lakini likishapanda, mvua ndogo inafanya kazi ya mvua kubwa. Mdomo wa mtaro ukiwa ndani ya maji ya ziwa, hata madebe 8 ya Fundi hayatoki. Mwaka ambao ziwa liko chini, mvua kama ile ile tunaisikia kwenye bati tu. Hapo mnanijibu nini?

Fundi Kalavati
Hapo tunakujibu kwamba uko sahihi kwa Kibirizi. Na mdomo wa Luiche vilevile. Mwanga iko mlimani, ziwa haliwezi kulifikia duka la Mgebuka hata likipanda mita mbili.

Kibirizi Kwetu
Mwanga mnajiona mko juu siku zote.

Mzee wa Bangwe
Vijana mnasahau majini. Ziwa lile lina wenyewe. Zamani kabla ya msimu kuna wazee walikuwa wanakwenda kuongea nao.

Dagaa Mkavu
Mzee shikamoo. Wakiongea nao tena waulize kuhusu mchele wa Mgebuka, magunia manne.

Mzee wa Bangwe
Marahaba. Cheka tu. Mwaka 1964 ziwa lilipanda nikiwa mtoto, halikucheka na mtu. Na milima hii ilikuwa na miti wakati huo, kwa hiyo msije hapa na hadithi kwamba kila kitu ni mkaa.

Msitu Kwanza
Mzee kwa heshima, nilikuwa naandika hiyo hiyo hadithi ya mkaa 😅 Naileta hata hivyo. Mlima wenye miti na majani makavu chini unakunywa mvua, unaiachia polepole. Ukishaukwangua ukabaki udongo mwekundu mtupu, matone yanaupiga unakuwa kama sakafu. Maji yote yanashuka pamoja na udongo wake. Hebu tazameni mtaro wa Mgebuka baada ya ile mvua: nina hakika kulikuwa na matope kuliko takataka.

Mgebuka Mbichi
Ni kweli. Nilichota beleshi na beleshi la tope jekundu. Magunia mawili ya chini yalikuwa kama matofali.

Shemeji wa Bondeni
Kwa bondeni miti inasaidia mvua ndogo. Mvua ya siku tatu ikinyesha Februari, mlima una miti hauna miti, chai ya maziwa inakuja tu.

Mwalimu Kopo
Shemeji umegusa jambo ambalo wengi hatulitaji: mwezi. Mvua ya Novemba inakuta ardhi imepasuka kwa kiu, ya taratibu inamezwa yote. Mvua hiyo hiyo ikija Machi, ardhi imeshiba tangu Krismasi, inakataa. Kwa mitaa ya lami na bati mwezi hauna maana, bati halina kiu. Kwa bondeni na Katubuka mwezi ndio kila kitu. Hivyo mnaweza kuwa na mvua mbili sawa kabisa kwenye kopo, moja ikazamisha Mwanga tu, nyingine Mwanga, bonde na bwawa.

Fundi Kalavati
Kuna moja zaidi, inanisumbua muda mrefu. Mvua inatembea upande gani? Mabonde yetu mengi yanashuka kutoka mashariki kwenda ziwani. Wingu likianzia vilimani likashuka pamoja na maji, linayasindikiza: maji ya juu yanafika chini wakati ule ule wingu nalo limefika chini linamwaga. Yanarundikana. Wingu likitokea ziwani likapanda, maji ya chini yanakuwa yameshaondoka kabla ya juu hakujaanza. Mvua ile ile, mtaro ule ule, matokeo mawili. Mimi nimeona: mvua za alfajiri kutoka ziwani hazinipi simu za wateja, za jioni simu inaungua.

Mwalimu Kopo
Hilo la mawingu ya jioni ni sawa. Mchana ardhi inapata joto, upepo wa ziwa unapanda vilimani, mawingu yanajengeka huko. Usiku upepo unageuka, mawingu yanakaa ziwani, yanatufikia alfajiri.

Lakini la kusindikizana nina wasiwasi nalo kwa mtaro mfupi. Wingu linaweza kwenda kilomita 30 kwa saa, ni kama mita 8 kwa sekunde. Maji ya mtaroni yanakwenda mbili au tatu. Wingu linayapita yote, halisindikizi mtu. Ninavyoona, simu yako inaungua jioni kwa sababu mvua za jioni ni za fujo, basi.

Fundi Kalavati
Na lile wingu linalokwenda taratibu? Jioni ile lilitambaa, Mwalimu. Nilikuwa juu ya paa la mteja nimelitazama.

Mwalimu Kopo
Ulikuwa juu ya paa wakati wa radi?

Mama Mawese
😂😂😂 Fundi jibu swali.

Fundi Kalavati
Nilikuwa nashuka.

Kiti cha Mbele
Kashata zimekwisha, mimi sijasogea. Mpaka sasa nimehesabu takataka, fujo ya mvua, wingu jembamba, tuta la lami, bakuli, ziwa, majini, mkaa, mwezi na wingu la kusindikiza. Mgebuka, umechagua ipi?

Mgebuka Mbichi
Asanteni wote. Kwa duka langu nimechukua ya Fundi na tope la Msitu Kwanza. Nimepanga magunia juu ya matofali mawili, na dirishani nimeweka kopo la maziwa, lililonyooka, mbali na bati. Dada Ujiji naye kaweka lake.

Ila Mtoto wa Katubuka bado ananipa shida. Bwawa litashuka lini?

Mtoto wa Katubuka
Nimeweka msumari ukutani usawa wa maji. Jana ulikuwa juu ya maji kidole kimoja, leo umezama. Na haijanyesha. Sasa nani anayamwaga?

Mwalimu Kopo
Ardhi ya juu bado inachuruzika kwenda kwako. Mvua uliyoisahau ndiyo inafika sasa.

Mtoto wa Katubuka
Au mitaro mipya ya huko juu imeelekezwa kwangu. Mama Mawese alishasema.

Mama Mawese
Nilisema mimi.

Mgebuka Mbichi
Saa tisa na nusu, vilimani kumekuwa kweusi. Nafunga duka mapema.

Mgebuka Mbichi
Imekatika. Kopo langu milimita 11, dukani kavu. Nampigia dada hapokei.

Dagaa Mkavu
Mimi niko Ujiji. Hapokei kwa sababu anaanua dagaa, huku ndiyo imeanza.